Kazi ya Ulinzi wa Blokucheni Soko Linapodorora

Ulinzi wa blokucheni ni kazi ya kutafuta kasoro katika programu zinazoshika fedha za watu, na kuzitafuta kabla mwizi hajazifikia. Blokucheni yenyewe ni daftari la miamala lisilomilikiwa na benki wala serikali, bali hutunzwa kwa pamoja na maelfu ya kompyuta zinazokaguana. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ilitumia daftari hilo zaidi kuhamisha sarafu yake. Ethereum, iliyozinduliwa Julai 2015, ilipanua mambo kwa mikataba mahiri, yaani programu zinazokaa ndani ya daftari na kujitekeleza zenyewe: zinakopesha, zinabadilisha sarafu, zinagawa riba. Mkataba mmoja huweza kubeba mamilioni ya dola, na msimbo wake kwa kawaida uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Muamala ukishathibitishwa, kwa kawaida haurudishwi. Hakuna meneja wa tawi wa kupigiwa simu. Kosa la mstari mmoja, ambalo katika tovuti ya kawaida lingeleta usumbufu wa saa mbili, hapa huweza kuifilisi kampuni kabla ya chakula cha mchana.

Kazi hii ina misimu, na misimu yake hufuata bei za sarafu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000, na thamani ya sarafu zote za kidijitali ikakaribia dola trilioni 3. Mei 2022 sarafu ya UST, iliyonadiwa kuwa haiyumbi, iliporomoka pamoja na mwenzake Luna. Katikati ya mwaka huo kampuni ya mikopo ya Celsius na mfuko wa Three Arrows Capital zikaanguka. Tarehe 11 Novemba soko la FTX likaomba kufilisiwa, na mwezi huohuo Bitcoin ilishuka chini ya dola 16,000. Ajira nazo zilifuata. Juni 2022 Coinbase, soko kubwa la sarafu nchini Marekani, lilipunguza asilimia 18 ya wafanyakazi wake, watu wapatao 1,100. Aliyemaliza kozi ya kuandika mikataba mahiri mwezi huo alikuwa na haki ya kujiuliza kama hakufika sokoni wakati watu wanafunga vibanda.

Hesabu za wizi, hata hivyo, zilikuwa zikienda njia yake. Februari 2022 daraja la Wormhole, mfumo unaohamisha thamani kutoka blokucheni moja kwenda nyingine, lilipoteza sarafu 120,000 za aina ya ether (sarafu ya Ethereum), zaidi ya dola milioni 300, kwa sababu uhakiki wa sahihi zake uliweza kudanganywa. Machi likafuata daraja la Ronin, linalotumiwa na mchezo wa Axie Infinity: zaidi ya dola milioni 600 zilichukuliwa, na wenyewe wakagundua karibu wiki nzima baadaye. Aprili mtu mmoja alichukua mkopo wa papo, yaani mkopo unaochukuliwa na kulipwa ndani ya muamala uleule, akautumia kujipatia kura nyingi katika mradi wa Beanstalk, kisha akapiga kura ya kujihamishia hazina ya mradi huo. Agosti ikawa zamu ya daraja la Nomad, Oktoba ya jukwaa la Mango Markets. Kampuni ya uchunguzi ya Chainalysis ilikadiria kuwa mwaka huo ziliibwa dola bilioni 3.8, kiasi kilichovunja rekodi zote za nyuma.

Mwaka 2023 kiasi hicho kilishuka hadi bilioni 1.7. Lakini idadi ya matukio, kwa hesabu za Chainalysis hiyohiyo, ilipanda kutoka 219 hadi 231. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaeleza hali ya kazi hii vizuri kuliko hotuba yoyote: kiasi cha kila wizi huweza kupungua, ila wezi hawaendi likizo.

Tukio la Nomad linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa linaonyesha jinsi kasoro inavyoweza kuwa ndogo. Daraja hilo lilikubali kutoa fedha pale tu ujumbe wa kuziomba ulipothibitishwa dhidi ya alama inayoaminika. Wakati wa kuboresha programu, thamani ya sifuri iliingizwa katika orodha ya alama zinazoaminika. Ujumbe ambao haujathibitishwa kamwe, katika kumbukumbu za mkataba, ulikuwa na thamani hiyohiyo ya sifuri. Matokeo yake kila ujumbe wa uongo ukaonekana wa kweli. Aliyeona hilo mara ya kwanza alihitaji utaalamu. Waliomfuata walihitaji tu kunakili muamala wake na kubadilisha anwani ya mpokeaji. Mamia ya anwani yalishiriki, na dola milioni 190 zikaondoka kwa saa chache. Baadhi ya waliochukua walikuwa watu wema waliokimbilia kuokoa, wakarudisha baadaye.

Haifai kuhitimisha kwamba ulinzi ni kazi isiyoguswa na mdororo, ingawa matangazo ya kozi hupenda kusema hivyo. Kampuni za ukaguzi hulipwa na miradi mipya, na miradi mipya hulipwa na wawekezaji ambao hufunga mikoba bei zinapoporomoka. Mwaka 2021 mradi ulingoja miezi kadhaa kupata nafasi kwa mkaguzi mwenye jina. Soko lilipopoa, foleni zikafupika na wakaguzi wakaanza kugombania wateja. Anayeumia kwanza katika hali hiyo ni mwanagenzi. Kampuni inayoweza kuajiri mmoja humchukua aliyekwisha kuthibitisha uwezo wake, na wenye uwezo uliothibitishwa ni wengi, kwani kampuni nyingine zimewaachisha kazi.

Faida ya mdororo kwa anayeanza iko kwingine. Kazi hii hujifunzwa polepole, na msimu wa bei kubwa hauruhusu upole. Bei zinapopaa, anayejua nusu ya kazi huitwa mtaalamu na kupewa mshahara kabla hajakomaa. Bei zinapokuwa chini hakuna anayemharakisha mtu. Waliofuata harufu ya pesa wameondoka, na ripoti za wizi wa msimu uliopita ziko mezani, kila moja ni somo kamili lisilodai ada. Kwa sababu hiyo, ushauri wa kuacha kazi ya mshahara ili kujitosa moja kwa moja katika fani hii wakati wa mdororo ni mbaya. Ushauri wa kujifunza jioni huku mshahara unaendelea kuingia ni mzuri, hata kama hauna mvuto.

Kinachojifunzwa kwanza ni Solidity, lugha kuu ya kuandikia mikataba ya Ethereum na ya blokucheni nyingi zilizoiga mfumo wake. Anayejua JavaScript au Python huisoma bila taabu kubwa. Ugumu unaanzia katika kuelewa mashine inayotekeleza lugha hiyo: kumbukumbu huhifadhiwaje, mkataba mmoja huitaje mwingine, na nani anaruhusiwa kugusa nini. Wengi hukomea kwenye lugha, na ndiyo maana wakaguzi wazuri bado ni wachache.

Kasoro ya kwanza inayofundishwa karibu kila mahali ni ile iliyouvunja mfuko wa The DAO mnamo Juni 2016. Mfano wake ni wakala wa pesa za simu anayekabidhi noti kwanza na kupunguza salio la mteja baadaye. Mteja mjanja, akishapokea noti, anaomba tena kabla wakala hajagusa salio, kisha tena, na kila mara daftari linaonyesha kwamba bado anazo fedha. Mkataba wa The DAO ulitoa ether kwa mpangilio huo, na mshambuliaji aliandika mkataba wake ambao, kila ulipopokea fedha, uliita upya sehemu ya kutoa. Ether milioni 3.6 zilihamishwa. Jamii ya Ethereum iligawanyika juu ya la kufanya: walio wengi walikubali kubadilisha daftari ili fedha zirudi, wachache wakakataa na kubaki na daftari la zamani, ambalo hadi leo huitwa Ethereum Classic. Dawa ya kasoro yenyewe ni fupi, yaani kupunguza salio kwanza na kutoa fedha baadaye, ila kasoro hiyo haijatoweka. Julai 2023 mabwawa kadhaa ya fedha ya jukwaa la Curve yaliibiwa kwa njia ya jamaa yake, kwa sababu kufuli la kuizuia lilikuwa bovu ndani ya matoleo fulani ya lugha ya Vyper. Waliouandika mkataba walifunga mlango. Fundi wa kufuli ndiye aliyekosea.

Baada ya hapo huja mambo ya ruhusa, ya bei na ya hesabu. Novemba 2017 mtumiaji mmoja aligusa maktaba ya msimbo ya pochi za sarafu za Parity ambayo haikuwa imewekewa mmiliki, akajikuta mmiliki, akaifuta. Zaidi ya ether 500,000 zikafungiwa humo na hazijatoka. Shambulio la Mango Markets lilitumia bei: mali iliyotumika kama dhamana ilipandishwa thamani kwa makusudi, kisha mikopo ikachukuliwa dhidi ya thamani hiyo ya uongo. Kasoro za hesabu za namba kufurika, zilizokuwa mkate wa kila siku wa wakaguzi wa zamani, zilipungua sana tangu toleo la 0.8 la Solidity lilipotoka Desemba 2020 na kuanza kuzikamata lenyewe. Maarifa ya fani hii huchakaa, tena upesi.

Mazoezi yapo na mengi ni ya bure. Ethernaut, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya OpenZeppelin, humpa mchezaji mkataba wenye kasoro katika kila hatua na kumtaka auvunje. Damn Vulnerable DeFi hufanya hivyo kwa mifumo ya mikopo na masoko, na ni mgumu zaidi. Zana nazo hazilipiwi. Foundry huwezesha kuandika majaribio na hata kunakili hali halisi ya blokucheni kwenye kompyuta binafsi, ili shambulio lijaribiwe bila kugusa fedha ya mtu. Slither, ya kampuni ya Trail of Bits ya New York, husoma msimbo bila kuuendesha na kunyooshea kidole sehemu zinazotia shaka. Echidna, ya kampuni hiyohiyo, hurushia mkataba maelfu ya maingizo ya kubahatisha hadi sharti fulani livunjike. Siku hizi programu za akili unde nazo hukamata makosa mepesi. Hilo limempunguzia mwanagenzi kazi rahisi aliyokuwa akianzia, na limempandishia kiwango anachotakiwa kufika.

Zana hizo haziwezi kujua mradi ulikusudia nini. Mkaguzi mzuri huanza kwa kusoma maelezo ya mradi na kuandika mambo ambayo hayapaswi kutokea kamwe: jumla ya madai ya wateja isizidi fedha zilizopo, mkopaji asitoe dhamana akiwa na deni, mtu asiyehusika asibadilishe bei. Kisha hutafuta njia ya kuyafanya yatokee. Zoezi lenye faida kuliko yote, na lisilopendwa kuliko yote, ni kuchukua msimbo ambao ripoti yake ya ukaguzi imechapishwa, kuukagua bila kuitazama ripoti, halafu kulinganisha. Mara za kwanza matokeo huvunja moyo.

Mlango wa kuingilia kwenye kipato hauulizi cheti. Mashindano ya ukaguzi, yaliyopata umaarufu kupitia Code4rena iliyoanza 2021, huweka msimbo wa mradi hadharani kwa siku au wiki kadhaa, na yeyote huleta kasoro alizoona. Mshiriki anaweza kuwa Morogoro au Montreal na kutumia jina la kubuni. Fedha hugawanywa kwa uzito wa kasoro, na hapo kuna kanuni ambayo wageni huigundua kwa uchungu: kasoro iliyoonwa na watu wengi hugawanywa kati yao na hupoteza thamani, huku iliyoonwa na mmoja ikilipa vizuri. Anayeona yale ambayo kila mtu anayaona hulipwa senti. Bado ripoti zake hubaki hadharani na jina lake, na katika soko lililodorora ushahidi wa aina hiyo huwa na nguvu kuliko wasifu wa kurasa tatu.

Njia ya pili ni zawadi za kasoro kwa mikataba ambayo tayari inafanya kazi, hasa kupitia jukwaa la Immunefi. Zawadi iliyotia fora ilitolewa na Wormhole: dola milioni 10 kwa mtafiti anayejulikana kama satya0x, zilizotangazwa Mei 2022, mwezi uleule ambao UST ilianguka. Mwaka huohuo mtaalamu wa siku nyingi Jay Freeman alipokea zaidi ya dola milioni 2 kwa kasoro ya mtandao wa Optimism. Kiasi hicho huvuta vijana wengi, na wengi hukata tamaa, kwani msimbo unaowindwa umekwisha kupitiwa na macho mengi. Kwa anayeanza, zawadi hizi si mpango wa kulipa kodi ya nyumba.

Katika njia hii mstari kati ya mlinzi na mhalifu umechorwa na sheria, na nia njema haiufuti. Kanuni za Immunefi hukataza kujaribu shambulio kwenye blokucheni halisi. Ushahidi huonyeshwa kwenye nakala. Shakeeb Ahmed, mhandisi wa usalama nchini Marekani, alitumia ujuzi wake wa mikataba mahiri Julai 2022 kuchukua zaidi ya dola milioni 12 kutoka miradi miwili, mmoja ukiwa Nirvana Finance, na mmoja aliuomba umruhusu kubaki na sehemu. Aprili 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, hata kama aliyeingia hakuiba chochote.

Mtafuta kazi mwenyewe naye huwindwa, tena zaidi wakati ajira ni chache. Wizi wa Ronin, ambao FBI iliuhusisha na kundi la Lazarus la Korea Kaskazini, uliripotiwa kuanza na ofa ya kazi isiyokuwepo: mhandisi alifanyiwa usaili, akaahidiwa mshahara mnono, akafungua faili la ofa lililobeba programu ya upelelezi. Tangu wakati huo mbinu imegeuzwa kuwaelekea wanagenzi. Anayejifanya mwajiri hutuma mradi wa majaribio na kumtaka mwombaji auendeshe kwenye kompyuta yake. Ndani yake mna programu inayonyonya funguo za pochi na nywila. Msimbo wa mgeni huendeshwa kwenye mashine ya kando isiyo na pochi wala akaunti yoyote, na mwajiri anayekataa sharti hilo si mwajiri. Mtu asiyeweza kujilinda katika usaili hana cha kumuuzia mteja.

Kukagua mikataba si kazi pekee iliyopo. Kufuatilia fedha zilizoibwa ni fani inayopata kazi hasa soko linapoharibika, kwa sababu kampuni zilizofilisika huacha wadai, na wadai huajiri wachunguzi. Februari 2022 serikali ya Marekani ilikamata bitcoin zaidi ya 94,000 zilizotokana na wizi wa soko la Bitfinex wa 2016. Njia zilifuatwa katika daftari lilelile ambalo wezi walidhani lingewaficha. Kuna pia ulinzi wa funguo na taratibu za kutia sahihi, kazi isiyo na sifa wala mashindano. Umuhimu wake ulionekana Februari 2025, soko likiwa limepanda tena, pale soko la sarafu la Bybit lilipopoteza takriban dola bilioni 1.5 katika wizi uliotajwa kuwa mkubwa kuliko wote hadi wakati huo. Kasoro haikuwa katika mkataba mahiri. Wezi waliharibu ukurasa ambao wakuu wa kampuni walikuwa wakiutazama wanapoidhinisha muamala, nao wakatia sahihi jambo wasiloliona.

Malipo ya kazi hizi mara nyingi huja kwa sarafu zinazofuata thamani ya dola, kama USDC, na hapo sheria za nyumbani huhusika. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Hata hivyo Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya iliondoa kodi yake ya asilimia 3 mwaka 2025, ikaweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma, na Oktoba mwaka huo ikapata sheria ya kuwapa leseni watoa huduma hao chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Sheria hizi zinabadilika karibu kila bajeti. Anayekusudia kuishi kwa kazi hii aweke kumbukumbu ya kila malipo tangu ya kwanza: tarehe, kiasi, thamani yake kwa shilingi siku hiyo, na mradi uliolipa.